Pengo Tulilowaachia Wageni

Wewe uliyeajiriwa juzi katika mradi wa wanyamapori, ukapewa meza karibu na dirisha, kompyuta, na fomu ya kuomba ruzuku yenye maswali yasiyoisha, nakuandikia wewe. Kazi hiyo niliifanya mimi mpaka macho yakagoma. Sasa nimestaafu, naishi hapa Kitengela nyuma ya soko, na watu bado wananiita Mwalimu kwa sababu kabla ya kuandika maombi ya ruzuku nilifundisha darasa la sita. Jina langu ni Mueni. Ni Mkamba niliyeolewa Kajiado, kwa hiyo Kimaasai changu huwachekesha watoto, lakini salamu nazijua.

Nitakueleza mambo ya kazi, na mengine ni ya kucheka. Ila nisikufiche. Nimekaa kuandika haya kwa sababu ya mama mmoja aliyepoteza ng'ombe wake, kisha shamba lake, kwa neno langu. Kama nitakuchekesha njiani, ni tabia ya ualimu tu, usidhani nina furaha.

Ruzuku ya ushindani ni hivi. Mfadhili anatangaza kwamba ana fungu la kusaidia mahali ambapo watu na wanyama wa porini wanaishi pamoja. Anataka wanyama wabaki na watu waendelee. Mashirika mengi yanaomba, machache yanapata. Wewe na mwenzako wa shirika jirani, ambaye huenda anasumbuliwa na simba yule yule aliyelala kwako juzi, mnaandika kila mtu kivyake huku mkiombeana mabaya kimoyomoyo. Na anayeshinda si lazima awe mwenye shida kubwa. Ni yule ambaye shida yake imeonekana vizuri kwenye karatasi. Mwanzoni sikulijua hilo. Nilipokuja kulijua, nililijua kupita kiasi.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Ondieki, mkuu wa ofisi yetu wakati huo, mtu mfupi, mkali, mfuko wa koti umejaa karanga. Alikuwa na kalamu nyekundu ambayo hata mimi niliyesahihisha madaftari miaka yote niliiogopa. Kila alipokutana na neno "wadau" alilipiga mstari na kuandika pembeni: "Hawa ni akina nani? Hawana majina?" Siku ya kwanza nilimpelekea kurasa nne za historia ya nyanda za Kitengela tangu zama za mababu. Akazipima mkononi kama mtu anayepima sukari.

"Mwalimu," akasema, "huyu atakayesoma yuko mahali penye baridi, ana njaa, na ameshasoma mengine mengi tangu asubuhi. Unampa habari za uumbaji? Mwambie shida ni ipi, ni ya nani, na utafanya nini ukifika kazini Jumatatu."

Hayo yachukue, bado yanafaa. Chukua na haya: muhtasari uandike mwisho ingawa unakaa mwanzo. Swali lisome kwa sauti kabla ya kulijibu, maana wengi tunajibu swali tulilotamani kuulizwa. Tuma siku mbili kabla, kwa sababu umeme wa Kitengela nao husoma tarehe za mwisho. Na mahali unapotaka kuandika habari zake, nenda mara ya kwanza bila karatasi. Kaa, kunywa chai, rudi nyumbani. Karatasi iende safari ya pili.

Enzi zetu ombi lilikuwa mzigo. Tulichapisha nakala tano, tukazifunga kwa utepe, tukazipeleka Nairobi kwa mkono kabla ya saa sita mchana. Siku moja nilifika nikitokwa na jasho, dakika kumi zimebaki, askari wa mlangoni akaniambia kwa upole kwamba ofisi ile ilihamia mtaa mwingine mwezi uliopita. Nilikaa kwenye ngazi nikala embe nililokuwa nimembebea mwanangu. Siku hizi mnabonyeza tu, lakini nanyi mna mateso yenu: ile fomu ya mtandaoni inahesabu herufi, na ukizidisha moja inakufukuza bila kukwambia kosa.

Na kosa langu mashuhuri, ambalo pale ofisini linasimuliwa hadi leo, ni la kasa. Rafiki yangu wa Kwale aliniazima ombi lake lililoshinda, nikalitumia kama kielelezo. Nikabadilisha majina ya mahali, nikabadilisha wanyama, nikajiona mjanja. Aya moja ikanitoroka. Kwa hiyo tuliahidi, sisi watu wa Kitengela, kwamba jamii italinda fukwe ambako kasa hutaga mayai. Barua ikaja ikiuliza kwa heshima bahari yetu iko upande gani. Bwana Ondieki aliibandika ile aya ukutani juu ya meza yangu, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa.

Sasa nije kwa Mama Sanaipei.

Alikuwa mjane. Shamba lake lilikuwa kwenye zile nyanda za kusini, mahali ambapo nyumbu na pundamilia hupita mvua ikinyesha, wakitoka mbugani kufuata majani, na hupita tena wakirudi. Zamani walipita popote. Kisha watu wakaanza kununua viwanja, kuta zikasimama, seng'enge zikavutwa, mpaka shamba lake likabaki kama mlango wa mwisho uliokuwa wazi upande ule. Wanunuzi walikuja kila mwezi. Yeye aliwapa chai akawaambia ana ng'ombe, na ng'ombe hawalishwi kwenye kiwanja. Mradi ng'ombe walikuwepo, hakuwa na sababu ya kuuza. Lakini panapopita nyumbu na simba yupo, na simba huona boma la miiba ni rahisi kuliko kumkimbiza nyumbu.

Kwa hiyo ilikuwa wazi. Ng'ombe wake wakiwa salama, yeye atabaki. Akibaki, ardhi itabaki wazi. Ikibaki wazi, wanyama watapita. Tuliomba ruzuku ya kuzungushia maboma ya pale waya imara na kuweka zile taa za kumwekamweka zinazomfukuza simba. Uhifadhi na maendeleo ya watu kwa pamoja, kama mfadhili alivyotaka. Niliandika vizuri sana.

Fomu iliuliza ana ng'ombe wangapi. Nilipomuuliza, alicheka mpaka akaziba mdomo kwa shuka.

"Ng'ombe haihesabiwi, Mwalimu. Unataka iishe?"

"Sasa unajuaje kama moja imepotea?"

"Wewe uko na watoto watatu. Ukiingia nyumba na mmoja hayuko, unahesabu kwanza?"

Aliwajua kwa rangi na kwa mwendo. Jioni wakiingia bomani alisimama tu mlangoni, na kama mmoja hayupo alijua kabla ya wa mwisho kuingia. Nami nikajifunza: usimlazimishe mtu akutajie idadi. Simama naye pale jioni, waangalie wakiingia, kisha nenda kaandike kwako.

Mara ya kwanza tulifika hatua ya mwisho. Tukaarifiwa kwamba watathmini wawili watakuja kuona hali ilivyo. Nikawapitia watu boma kwa boma nikiwaambia wageni wa mradi wanakuja Alhamisi, wajitayarishe. Hilo tu. Mimi mke wa huku, niliyekula harusi na matanga ya huku, nilisahau maana ya mgeni kwa Mmaasai.

Alhamisi tulipofika sikupatambua. Kuta za nyumba zilikuwa zimepakwa samadi mpya, uwanja umefagiliwa, wamama wamevaa shanga zao za sherehe. Mahali ambapo simba walikuwa wamevunja ua, Mama Sanaipei alikuwa amekata matawi mabichi ya mgunga, akaziba vizuri kabisa. Ndani ya boma kulikuwa na ng'ombe wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pale. Alikuwa ameazima wa shemeji yake, Parmuat, ili wageni wasikute nafasi. Mbuzi alikuwa tayari anachomwa.

Watathmini waliuliza simba waliingilia wapi. Akawaonyesha ua mzima kwa fahari. Waliuliza kama amepoteza mifugo mingi. Akasema Mungu amemsaidia.

Nilimvuta kando. "Mama Sanaipei, mbona umeziba?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mbona amevaa nguo. "Hawa watu wametoka mbali. Wakute boma iko na shimo? Mimi ni mjane, Mwalimu, lakini niko na boma."

Walikula vizuri, wakashukuru. Baada ya wiki chache barua ikaja: hali waliyoiona haikulingana na maelezo ya ombi. Ruzuku ikaenda kwingine. Msimu huo Mama Sanaipei alipoteza ndama wawili na yule fahali mwenye pembe moja iliyolegea. Hakunilaumu. Alidhani mbuzi hakutosha.

Bwana Ondieki alistaafu akarudi kwao Kisii, mimi nikapewa kiti chake. Ruzuku ile ile ilipotangazwa tena nikajiapiza kwamba safari hii sitashindwa. Niliitisha mkutano pale kanisani, nikawaambia watu wasifagie. Nikawaambia ua uliovunjika ubaki umevunjika, mzoga usizikwe haraka, na anayeulizwa kuhusu hasara asimtaje Mungu kwanza. Mzee mmoja aliinua fimbo yake akauliza, "Kwa hivyo mgeni akuje, tumwonyeshe aibu yetu?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikamjibu kwamba ndiyo, mzee, siku hizi ndivyo wanavyotaka.

Naandika hayo na uso unaniwaka. Nilikuwa nawafundisha watu wenye heshima zao kukaa kimaskini.

Wiki moja kabla ya wageni, fisi walipasua ua wa Mama Sanaipei upande wa chini, wakatoka bila kitu. Pengo lenyewe lilikuwa pana, mtu angepita amebeba debe. Nilifika asubuhi hiyo nikamkuta Parmuat ameshakata miiba, panga mkononi, anaanza kuziba.

Nikamwambia, "Ngoja, baba. Wageni wanakuja Jumanne. Wacha walione hivi."

"Jumanne ni mbali," akasema Parmuat. "Simba haijui Jumanne."

"Jioni vuta tawi uzuie. Mchana toa. Ni siku chache tu."

Parmuat alimtazama shemeji yake. Mama Sanaipei akasema, "Wacha hivyo. Mwalimu anajua hiyo karatasi yao."

Parmuat akaweka panga chini. Ile miiba aliyoikata akairundika kando ya pengo.

Jumanne hawakuja. Waliandika kwamba gari limepata hitilafu, watakuja wiki ijayo. Wiki ijayo wakaandika kwamba mmoja wao anaumwa, wasogeze tena. Kila nilipopita kule nililiona lile rundo kando ya pengo linazidi kukauka, majani yamepukutika, imebaki mifupa ya miiba. Na kila mara Mama Sanaipei aliniuliza, "Bado?" nami nikamjibu, "Bado kidogo."

Kijana wangu, simu ilikuwa kwenye mkoba wangu siku zote hizo. Ningepiga picha ya lile pengo siku ya kwanza, Parmuat akamalizia kuziba kabla ya chai. Sababu za kutofanya hivyo ninazo, nilizipanga vizuri: kwamba mara ya kwanza hawakuamini karatasi, kwamba walisema wanataka kuona kwa macho yao. Ni sababu nzuri, ungezisoma ungeniunga mkono. Ukweli ni kwamba nilitaka kushinda, na lile pengo lilikuwa zuri mno.

Parmuat alinipigia simu alfajiri moja. "Kuja uone yako," akasema.

Nilifika jua limeshatoka. Simba walikuwa wamelisukuma lile tawi la jioni kama pazia. Ng'ombe waliouawa walikuwa wametapakaa ndani, wengine walikuwa wamekanyagana wakijaribu kutoroka, na waliopona walikuwa wamesambaa porini, Parmuat na majirani wakiwatafuta. Mama Sanaipei alikuwa amesimama penye pengo, ameshika tama.

Nataka ulijue hili hasa. Kwa Kimaasai mwanamke husalimiwa "takwenya" hata kama nyumba inaungua, naye huitikia "iko." Sikusema takwenya. Nilitoa simu nikapiga picha. Nikapiga ya pengo, nikapiga ya mizoga, nikapiga yake akiwa amesimama katikati, mara tatu, kwa sababu ya kwanza jua lilikuwa nyuma yake. Halafu ndipo nikamwambia pole.

Akaanza kuniambia walioondoka. Mwekundu mwenye doa begani. Yule wa kijivu aliyekuwa na maziwa mengi. Mweusi wa mahari ya Sanaipei. Wawili ndugu wenye matako meupe. Alikuwa anawaita polepole, mmoja mmoja, na mimi nilikuwa nimefunga mikono nyuma ya mgongo nikihesabu kwa vidole, kwa sababu fomu ina kisanduku cha idadi. Vidole vikaisha nikaanza upya.

Alipomaliza akaniambia, bila hasira yoyote, "Sasa wanaweza kuja, Mwalimu. Sasa iko ya kuona."

Niliendesha gari mpaka ofisini nikazituma picha siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja haraka kuliko jibu lolote nililowahi kupata katika kazi ile. Walisikitika sana. Walisema ushahidi umejitosheleza, hakuna haja tena ya kuja. Wale wageni hawakukanyaga pale kabisa.

Tulishinda.

Nikwambie na upande wa pili, maana mwalimu asiyesema yote ni mwongo. Ile ruzuku ilifanya kazi. Maboma ya majirani yalizungushiwa waya, taa zikawekwa, na nijuavyo hakuna simba aliyeingia tena kwenye lolote kati ya hayo. Vijana waliokuwa wanakwenda kumchoma simba mkuki kwa hasira waliacha, kwa sababu hasira ilipungua. Simba wapo, nyumbu wapo wachache, watoto wa kule wanasoma. Siwezi kukudanganya kwamba fedha za namna hii ni bure. Ndiyo sababu jambo hili haliniachi. Lingekuwa bure ningelisahau.

Boma la Mama Sanaipei lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Mafundi walipofika na nguzo aliwapa chai, akawaelekeza kwa Parmuat.

"Hii ni yako, Mama," nikamwambia. "Tumeiandika kwa jina lako."

"Weka kwa wengine. Mimi niko na nini ya kuweka ndani?"

Waliopona hawakutosha kumlisha. Ukame ukafuata. Mwanzoni aliuza kipande, kisha akauza lote, akahamia Illasit kwa binti yake Sanaipei, ambaye ameolewa na mkulima wa nyanya. Mnunuzi alijenga ukuta wa mawe mwaka huo huo. Mvua iliponyesha nilikwenda kutazama. Nyumbu walikuja wakiwa safu moja kama kawaida yao, wakafika kwenye ukuta, wakasimama. Walisimama muda mrefu. Kisha wa mbele akageuka, na wengine wakamfuata. Katika ripoti ya mwisho niliandika idadi ya maboma yaliyokamilika. Kuhusu ukuta hakukuwa na swali.

Mwezi uliopita nilikwenda Illasit. Nilikuwa nimeahirisha safari ile tangu nistaafu, kila mara nikisingizia magoti. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake anachagua vitunguu, amepungua, lakini mgongo umenyooka vilevile. Safari hii nilisema takwenya kabla sijafika karibu. Akaitikia, akaniletea kigoda, akaenda kupika chai. Nilianza kuomba msamaha nikiwa na kikombe mkononi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Aliniacha nikayamaliza.

"Wewe uliniambia ningoje, na mimi nikangoja," akasema. "Sisi wawili. Lakini ng'ombe ilikuwa yangu."

Akaongeza chai kwenye kikombe changu, kisha akaniambia kwamba kuna jambo.

"Kuna mtu alikuja Rombo, kwa kanisa. Anafundisha wamama kuomba hizo ruzuku zenu. Sanaipei akasema twende tusikie. Huyo mtu akatoa karatasi, akasema hii ni mfano mzuri sana, ilishinda. Akasoma. Nikasikia jina yangu. Nikasikia ng'ombe yangu. Alisoma mzuri, wamama wakasema woi, maskini. Na mimi nimekaa hapo nyuma."

"Ulisema ni wewe?"

"Niseme nini? Alikuwa anasema huyu mama ni mnufaika. Nikauliza jirani, mnufaika ni nini? Akaniambia ni mtu amepata." Aliendelea kuchagua vitunguu, vibovu huku, vizima huku. "Mwalimu, sitaki kitu kingine. Toa jina yangu kwa hiyo karatasi."

Nilimwahidi. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote kuniomba kitu.

Niliporudi Kitengela nilikwenda moja kwa moja ofisini. Kwenye meza yangu ya zamani sasa anakaa Faith, msichana hodari, mwenye adabu, anayefanya kwa saa moja kazi niliyoifanya kwa wiki. Nilimweleza. Alisikitika kweli, nilimwona.

"Hiyo si shida, Mwalimu. Tunaitoa saa hii." Akagusa vitufe vichache, na jina la Mama Sanaipei likatoka kila mahali kwa mara moja, likawa "mama mjane wa eneo hili." Aliniahidi pia kuandikia wale wanaofundisha kule Rombo waibadilishe nakala yao. Nikashusha pumzi.

Kisha akapandisha kurasa hadi mwanzo kunionyesha ombi wanalolituma sasa. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa picha. Pengo, mizoga, naye katikati ameshika tama, jua limempiga usoni vizuri, ile ya tatu.

"Na hii?" nikauliza.

"Hii tuiache tu, Mwalimu. Hii ndiyo inatubeba. Mara ya mwisho waliisifu sana."

"Uso wake unaonekana, Faith."

"Najua. Lakini tukiitoa tunaweka gani? Watu wa Mashuuru hawataki kupigwa picha, na ni wao tunawaombea. Wamepoteza ng'ombe tena wiki hii. Mzee mmoja ananipigia kila asubuhi, ananiuliza waya itafika lini." Akageuka akanitazama. "Inafungwa Ijumaa saa kumi. Wewe ungefanya aje?"

Hakuniuliza kwa ujeuri. Aliniuliza kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu, na alitaka jibu. Niliitazama ile picha niliyoipiga mwenyewe. Nilifikiria yule mzee wa Mashuuru anayepiga simu kila asubuhi, na boma lake la miiba, na kwamba bila ruzuku naye atauza. Nilikaa pale mpaka kioo cha kompyuta kikazimika chenyewe, Faith akagusa kitufe kikawaka tena, na picha ikarudi.

Nikamwambia aiache.

Jioni nilimpigia Mama Sanaipei. Nilimwambia jina limetoka, kila mahali, nimeona kwa macho yangu. Akafurahi, nilisikia kwenye sauti. "Ashe oleng, Mwalimu," akasema, asante sana, na akaniuliza magoti yanaendeleaje baada ya safari. Kuhusu picha hakuuliza, kwa sababu hajawahi kuiona wala hajui kwamba ipo. Nami sikumwambia.